Dirisha moja la forodha si ofisi moja

Nimesikia tena wiki hii mtu akieleza kwamba dirisha moja maana yake mamlaka zote zinazoshughulika na mizigo zimeunganishwa ziwe kitu kimoja. Hapana. Hakuna mamlaka iliyomezwa na nyingine.

Dirisha moja ni mfumo ambamo mwagizaji au wakala wake wa forodha huwasilisha taarifa za mzigo mara moja, mahali pamoja, na kila taasisi inayohusika ikazisoma. Ndivyo Umoja wa Mataifa ulivyolieleza katika Pendekezo Namba 33 la mwaka 2005.

Laiti tungelisikiliza neno lenyewe. Dirisha tumelipata kwa Waajemi: daricha, mlango mdogo, kutokana na dar, mlango. Mlango mdogo hupitisha kitu, ila kuta za vyumba vilivyo nyuma yake zinabaki palepale. Forodha nayo ni furdha ya Kiarabu, mahali chombo kinapofika na kushusha shehena. Jina hilo limebeba utaratibu wa zamani: mzigo utue kwanza, maswali yafuate. Siku hizi taarifa zikitumwa mapema, maswali huanza meli ikiwa bado baharini.

Chukua kontena la vipande vya kuku vilivyogandishwa. Kwenye tamko la forodha imeandikwa 0207.14, msimbo wa HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa namba, unaoeleweka kwa forodha karibu dunia nzima. Ofisa wa forodha anausoma apate kiwango cha ushuru, kisha anatazama kama thamani iliyotajwa inaingia akilini. Daktari wa mifugo anaruka hapo, anakwenda moja kwa moja kwenye nchi ya asili: huko kuna mlipuko wa mafua ya ndege? Mtu wa usalama wa chakula anatafuta namba ya machinjio. Taarifa ni zilezile, lakini kila mmoja ana sheria yake, na sheria hiyo inaweza kumpa nguvu ya kuuzuia mzigo hata kama wenzake wameridhika.

Linaloniudhi zaidi ni kusema mfumo "umekagua" mzigo. Mfumo unachuja. Unalinganisha taarifa na vigezo vya hatari, kisha unapendekeza kontena lipi lipite na lipi lisimamishwe. Kukagua ni kukata lakiri, kufungua milango, kupima joto la nyama, kuchukua sampuli. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ulioanza kutumika Februari 22, 2017, unataka nguvu za ukaguzi zielekezwe kwenye mizigo yenye hatari kubwa na ile yenye hatari ndogo iachiliwe haraka. Bila kuchuja, utajuaje ipi ni ipi?

Basi wakala akikwambia mzigo wako "umeshapita dirisha moja", mwulize taratibu: taarifa zimepokelewa, au vibali vyote vimetoka? Huenda anamaanisha la kwanza, na daktari wa mifugo bado hajajibu.