Noti za muziki za Wolfgang Rihm: mtunzi kufariki si ruhusa ya kutoa kopi

Tangu mtunzi wa muziki Mjerumani Wolfgang Rihm afariki Julai 27, 2024, swali moja halikauki kwenye kaunta yetu ya maktaba ya muziki hapa Ujerumani: "Si ameshakufa? Basi tutoe kopi za noti zake." Hapana. Nimelijibu kwa upole mara nyingi, sasa naandika jibu ili ndugu zetu wanaosoma muziki huku na viongozi wa kwaya walipate mapema.

Rihm alizaliwa Karlsruhe mwaka 1952, akafundishwa na Eugen Werner Velte, kisha Stockhausen na Klaus Huber. Kazi yake ya okestra, Morphonie, ilipopigwa kwenye tamasha la muziki la Donaueschingen mwaka 1974 alikuwa na miaka 22 tu. Opera yake Jakob Lenz ilifuata Hamburg mwaka 1979. Mwaka 1985 alishika nafasi ya Velte kama profesa wa utunzi Karlsruhe, na darasani mwake wakapita watunzi Rebecca Saunders na Jörg Widmann. Ameacha kazi mamia. Tena alikuwa mjumbe wa baraza la usimamizi la GEMA, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi. Jasho la watunzi wenzake alilipigania mwenyewe, nasi leo tunabishania lake.

Hakimiliki Ujerumani hudumu miaka 70 baada ya kifo, na hesabu huanzia mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kwa Rihm ni hadi Desemba 31, 2094. Wanaonufaika ni warithi na mchapishaji. Kwa sehemu kubwa ya kazi zake ni Universal Edition ya Vienna.

Utaratibu ni huu. Onyesho la hadhara hutolewa taarifa GEMA kabla ya siku yenyewe, na orodha ya kazi zilizopigwa hupelekwa baadaye. Asiyetoa taarifa anaweza kudaiwa ada mara mbili. Opera haipitii huko: ruhusa ya kuipandisha jukwaani huombwa kwa mchapishaji moja kwa moja. Noti za okestra mara nyingi hukodishwa, na zikishatumika hurudishwa. Na kutotoza kiingilio peke yake si kinga. "Ni bure kwa watu wote" hakumwondolei mwandaaji wajibu wa kuuliza kwanza.

Kuhusu fotokopi, wengi hudhani kopi moja ya kujisomea nyumbani inaruhusiwa, kama ilivyo kwa kurasa za kitabu. Kwa noti sivyo. Kifungu cha 53 cha sheria ya hakimiliki kinataka idhini ya mwenye haki, isipokuwa kwa hali chache, mfano toleo lililokosekana sokoni kwa angalau miaka miwili. Kukiuka kwa makusudi kunaweza kufikia faini au kifungo cha hadi miaka mitatu. Kila ombi huangaliwa kwa mazingira yake, na maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili.

Kifungu hichohicho kimeacha mlango mmoja: kunakili kwa mkono. Mpiga selo mmoja (selo ni fidla kubwa ipigwayo kwa upinde) alinijia na Grat, kazi ya Rihm ya mwaka 1972 ya selo peke yake. Nilimpa meza karibu na dirisha, karatasi yenye mistari mitano, penseli na kifutio. Siku ya pili jioni alikuwa bado kwenye ukurasa uleule. Akaniita, kidole kikiwa juu ya alama moja ya upinde: "Hii nimeipiga mwezi mzima, sikuwahi kuiona."