Treki ya MIDI haina sauti: ninavyorekodi kinanda, kwaya na ilimba hapa Dodoma

Karibu kila kwaya inayorekodi kwangu huja na ombi lilelile, tena kazi ikiwa imeshafika mbali: "Fundi, hebu tushushie ufunguo kidogo, soprano wanakabwa kule juu." Waimbaji watarudia, hilo halina ubishi. Swali ni kinanda kiliingiaje kwenye kompyuta. Kama kiliingia kwa MIDI, yaani kama kumbukumbu ya noti zilizobonyezwa, nachagua noti zote, nashusha nusu toni mbili, na mwalimu anaweza kuanza mazoezi hapo hapo. Kama kiliingia kwa audio, yaani sauti yenyewe iliyorekodiwa, programu inalazimika kukokotoa upya wimbi zima la sauti. Nusu toni moja inavumilika. Ukifika tatu, piano inapoteza ung'avu na mapigo yake yanalegea, hata msikilizaji asiyejua lolote kuhusu studio anahisi kuna kitu hakiko sawa.

Kwenye skrini treki hizi mbili zinafanana: mstari, jina, kitufe chekundu cha kurekodia. Ndani ni vitu tofauti kabisa. Treki ya audio ina sauti yenyewe kama ilivyofika kwenye maiki, imepimwa mara 48,000 kwa sekunde (CD hutumia 44,100). Treki ya MIDI haina sauti hata chembe. Ina taarifa tu: noti namba fulani imebonyezwa sasa, kwa nguvu kiasi hiki, imeachiwa pale. Noti zina namba 0 hadi 127, C ya kati ikiwa 60, na nguvu ya kidole nayo inahesabiwa hadi 127. Wanakwaya huelewa haraka nikiwaambia kwamba MIDI ni ile karatasi ya nota mwalimu anayowagawia: wimbo wote umo, lakini mpaka atokee wa kuuimba, chumba kiko kimya. Mwimbaji wa karatasi hiyo ni plagini (programu ndogo inayotoa sauti za ala ndani ya kompyuta) au kinanda chenyewe, na unaweza kumbadilisha wakati wowote.

Hata uzito wa faili unaonyesha hivyo. Treki moja ya audio, mono, yenye vipimo 48,000 kwa sekunde vya biti (bit) 24 kila kimoja, inakula kama MB 8.6 kila dakika. MIDI ya wimbo mzima wa kinanda ni KB chache, labda makumi.

Tofauti hii ina historia. MIDI ilitoka mwaka 1983, baada ya watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani kukubaliana lugha moja. Majina yanayotajwa zaidi ni Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Programu ya muziki ya Cubase ilipoanza mwaka 1989 kwenye kompyuta za Atari ilikuwa ya MIDI tu. Pro Tools, mwaka 1991, ilikuja kutoka upande wa pili, upande wa kurekodi na kukata sauti. FL Studio, ambayo vijana wengi wa hapa mjini wanaanzia, ilizaliwa kama mashine ya kupangia mapigo ya ngoma. Siku hizi programu zote zinafanya kazi zote, ila naona bado kijana aliyekulia kwenye kupanga biti anatengeneza biti ya moto kwa nusu saa, halafu anatoka jasho akiletewa waimbaji ishirini na maiki mbili.

Sasa ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku na kupigwa kwa vidole gumba. Hapa ndipo ninapobishana sana na wenzangu.

Ukirekodi nyumbani kwa Wagogo bila ilimba na zeze unajinyima. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizipeleka sauti hizi majukwaa ya dunia, na vijana wa leo wanazitaka ndani ya biti zao. Njia ya mkato wanayoikimbilia ni kutafuta plagini ya kalimba, kubonyeza melodia kwenye kinanda, na kuiita ilimba. Siikubali, na si kwa sababu ya ushabiki wa kabila. Tazama ala yenyewe. Mzee anapokaa nayo mapajani, vidole gumba vinagusa vyuma fulani, lakini kuna vyuma vingine ambavyo havigusi kabisa. Vipo ili vitetemeke vyenyewe pale jirani zao wanapolia. Kwenye tundu la sanduku kuna utando mwembamba unaotokana na buibui, na ndio unaoleta ule mvumo wa kukwaruza unaoijaza sauti. MIDI ingeandika nini hapo? Ingeandika vyuma vilivyoguswa na nguvu ya kidole. Vyuma visivyoguswa na utando wa buibui havina namba.

Kisha kuna suala la sauti kukaa mahali pake. Watafiti wa muziki wameeleza kwamba mpangilio wa sauti wa Kigogo unafuata sauti asilia, zile ambazo uzi mmoja au bomba moja huzitoa lenyewe juu ya sauti yake ya msingi. Kinanda kimegawa oktava katika nusu toni kumi na mbili zilizo sawa, na kila moja inagawanywa tena katika vipande 100 viitwavyo senti. Sauti asilia ya saba inakaa karibu senti 31 chini ya noti iliyo jirani nayo kwenye kinanda. Ya tano iko chini kwa senti 14 hivi. Senti 14 unaweza kuzinyamazia. Senti 31 ni karibu theluthi ya nusu toni, na ukizipiga pamoja na piano, masikio yanakataa.

Kwa hiyo kwangu ilimba inaingia kwa audio, daima. Naweka maiki kama sentimita thelathini kutoka kwenye sanduku, naielekeza pembeni kidogo ya tundu ili mvumo usimeze mguso wa vidole, nazima feni, na nasubiri. Nasema nasubiri kwa sababu Dodoma mchana bati linaalika likipata jua, na upepo ukianza hakuna godoro ukutani litakalokuokoa. Alfajiri ndiyo studio bora kuliko zote. Simpi mzee kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) masikioni pia. Anapiga kwa mwendo wake, kisha mimi naifuata: nasogeza mistari ya gridi, ile inayogawa mapigo kwenye skrini, mpaka kila pigo kuu la kwanza likae juu ya mstari, na programu inatengeneza ramani ya tempo inayopanda na kushuka pamoja naye. Ngoma za MIDI nitakazoongeza baadaye zitamfuata yeye.

Na kinanda nacho kinamfuata. Napima kwa tuna (kifaa cha kupimia sauti, "tuner") kila chuma cha ilimba, kwa kuwa kila fundi anaitungia sauti kwa sikio lake, halafu natafuta noti ya kinanda inayogombana. Vinanda vingi vya kwaya vina menyu ya kurekebisha skeli, noti moja moja, kwa senti. Bila hiyo, kuna ujumbe wa MIDI wa kupinda noti. Una ngazi 16,384, katikati ikiwa 8,192, na kwa kawaida unapinda nusu toni mbili kila upande. Kushuka senti 31 ni ngazi kama 1,270, yaani unaandika 6,922. Programu zinazoiita katikati sifuri zitaonyesha −1,270. Angalizo: mpindo unashika chaneli nzima, yaani noti zote zinazopita kwenye njia moja ya MIDI. Ukipiga noti tatu kwa pamoja kwenye chaneli moja, zote zinashuka. Noti inayogombana ihamishie kwenye chaneli yake. Ziko kumi na sita, zinatosha.

Kwa mpiga kinanda wa kwaya ushauri wangu ni mfupi: rekodi vyote viwili kwa wakati mmoja. Waya wa USB unapeleka MIDI kwenye treki moja, nyaya za sauti zinapeleka audio kwenye nyingine. Audio inakutunzia ile sauti ya kinanda ambayo kwaya imeizoea, na MIDI inakusubiri pale watakapotaka ufunguo mwingine. Ukisikia kila noti inalia mara mbili, kinanda na plagini vinapiga pamoja. Nyamazisha plagini wakati wa kurekodi. Ukitaka plagini pekee, bila audio ya kinanda, ndipo uzime "local control", mpangilio unaofanya vidole viamshe sauti ya kinanda chenyewe. Noti ikilia bila kukoma, ujumbe wa kuachia umepotea, na programu nyingi zina kitufe cha kunyamazisha vyote. Kosa lingine ni kunyoosha mapigo kwenye gridi kwa asilimia mia. Mimi huishia hamsini, sitini. Zaidi ya hapo mpigaji mwenyewe hajitambui.

Kuchelewa kwa sauti kunawachanganya wengi. Chanzo ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuishughulikia. Bafa ya sampuli (vipimo vya sauti) 128 kwa 48,000 ni milisekunde 2.7 tu, ya 1,024 ni zaidi ya 21, na mwimbaji anasikia sauti yake ikimfuata nyuma. Kadi ya sauti yenye kitufe cha kusikiliza moja kwa moja inamaliza tatizo hilo kwa maiki, kwa kuwa sauti yake haipiti kwenye kompyuta kabla ya kufika hedifoni. Kwa plagini hakisaidii kitu, maana sauti yenyewe inatengenezwa ndani ya kompyuta. Hapo punguza bafa wakati wa kurekodi, na laptopu ikilemewa, gandisha treki za MIDI ulizokwisha kuzipanga ziwe audio kwa muda. Ukifika kwenye kumiksi, pandisha bafa utakavyo.

Kazi ikienda kumiksiwa Dar, usitume mradi ukadhani kila kitu kimo. Asiye na plagini yako atafungua kwaya yako akute piano ya kawaida mahali pa okestra, au kimya. Toa kila treki kama audio, biti 24, zote zikianzia sifuri hata kama ala inaingia dakika ya tatu, ili akizipanga zikae zenyewe. Faili ya MIDI iambatanishe pembeni ikiwa na ramani ya tempo, na jina la folda liwe na ufunguo wa wimbo. Kama kuna ilimba ndani, mwandikie wazi kwamba treki ile isipitishwe kwenye plagini ya kunyoosha sauti. Ataifungua, ataona sindano ya tuna inalala kushoto, na mkono utamwasha.