Kwa nini konseto moja ya fidla husikika tofauti kwa kila mpigaji?

Je, wajua kwamba rekodi mbili za konseto moja (utunzi wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra), noti zikiwa zilezile, zinaweza kukugusa kwa namna mbili tofauti kabisa? Ni kwa sababu karatasi ya muziki haisemi kila kitu, na pengo linalobaki hujazwa na mpiga fidla.

Chukua Konseto ya Fidla ya mtunzi Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza na mpiga fidla Franz Clement mjini Vienna mwaka 1806. Inaanza kwa mapigo matano ya timpani, ngoma kubwa za okestra, kisha okestra inatamba yenyewe kwa dakika kama tatu. Ndipo fidla inaingia, ikipanda kwa okteva: noti ya chini, kisha mwenzake wa juu. Tega sikio hapo. Wapo wanaopanda kwa hadhari, wakichelewesha kila hatua kidogo. Wapo wanaopanda moja kwa moja bila kusita.

Mengi huamuliwa na vidole na upinde. Noti ya uzi wa juu ulioachwa wazi hung'aa. Noti hiyohiyo ikibanwa kwa kidole kwenye uzi wa pili huwa nzito na laini zaidi, na hapo kidole kinaweza kutikiswa ili sauti iwe na mawimbi. Upinde nao ukipita haraka na kwa wepesi, sauti huwa ya hewa. Ukikandamizwa karibu na daraja la fidla, yaani kibao kinachoinua nyuzi, hukaza na kuwa kali.

Jambo moja la kukumbuka: katika rekodi, maikrofoni ikiwekwa karibu na mpigaji, fidla huweza kuvuma kuliko ambavyo ingesikika ukumbini. Usiuhesabu ukubwa huo wa sauti kuwa ufundi wake.

Uhuru mkubwa kuliko wote uko kwenye kadenza, pale okestra inaponyamaza na mpigaji kubaki peke yake. Beethoven hakuiandikia fidla kadenza yoyote katika konseto hii, kwa hiyo kila mpigaji huchagua. Mpiga fidla Joseph Joachim aliandika yake, na mwenzake Fritz Kreisler yake. Katika karne ya 20, mtunzi Alfred Schnittke aliandika nyingine yenye vipande vya konseto za watunzi waliomfuata Beethoven, na mpiga fidla Gidon Kremer akairekodi. Mimi naipenda zaidi kadenza ya Kreisler: katika sehemu ya kwanza ya konseto, fidla moja inapiga melodia mbili kuu za sehemu hiyo kwa wakati mmoja, na mpigaji ndiye anayeamua ipi itangulie masikioni mwako.