Seneta wa jimbo Marekani hana mamlaka ya viza

Kila msimu wa uchaguzi Marekani, ujumbe ule ule huzunguka kwenye magrupu: Mwafrika Mashariki mwenzetu kashinda useneta, basi viza sasa zitalegea. Hongera anastahili. Ya viza hayamo.

Kila jimbo la Marekani lina maseneta wake, mbali na wale 100 wa taifa walioko Washington, wawili kwa kila jimbo. Minnesota ina 67, na hukutana Saint Paul. Hao hupitisha sheria na bajeti za jimbo: shule, barabara na mengineyo. Viza hutolewa na serikali ya shirikisho, yaani ya taifa.

Kuhakiki ni rahisi. Tangazo la ushindi likitaja namba ya eneo la uchaguzi, huyo ni wa jimbo. Seneta wa taifa huchaguliwa na jimbo zima, kwa miaka sita.

Kuchanganyikiwa si ajabu, hasa kwa Wakenya, ambao maseneta wao wote ni wa taifa. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Mwenye shida ya viza mwelekeze kwenye tovuti ya ubalozi.