Dirisha la faragha halikufichi
Wengi huamini kwamba ukifungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, lile jeusi lenye picha ya kofia na miwani, basi hakuna anayekuona. Sivyo. Dirisha hilo, ambalo Chrome, kivinjari cha Google, imekuwa nalo tangu 2008, lina kazi ndogo tu: ukilifunga, simu haibaki na historia ya kurasa ulizofungua wala vidakuzi vyake, yaani vifaili ambavyo tovuti huacha ili zikutambue ukirudi. Unajificha kwa yule atakayeishika simu baada yako, basi. Kampuni inayokuuzia intaneti bado inaona tovuti unazoingia, na tovuti zenyewe zinapata anwani yako ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti. Ukiingia kwenye akaunti yako humo humo, ndiyo umejitaja kwa jina kabisa.

Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kufuatilia waliokuwa wakitumia dirisha hilo. Mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi na kurekebisha maelezo yanayotokea ukilifungua, huku ikishikilia kwamba kesi haikuwa na msingi. Kusema kweli, onyo fulani lilikuwapo hata zamani. Ila nani husoma? Ile kofia ilishawaahidi watu mengi kuliko maandishi yaliyo chini yake.