Mzee aliyetupa miwani

Kuna mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeingia kliniki kwangu akiwa na furaha ya bwana harusi. "Daktari mwanangu, macho yamerudi ujanani! Mwezi wa pili huu nasoma msahafu bila miwani." Binti yake, aliyemshika mkono kupanda ngazi, akasema polepole, "Lakini baba, juzi Marikiti ulimpita mjomba bila kumsalimu."

Hapo nikajua. Mtu wa miaka 72 hapewi macho mapya. Kiini cha lenzi yake, kile kioo cha ndani ya jicho kinachopitisha mwanga, kilikuwa kimeanza kugeuka manjano na kuwa kigumu, kikawa kinapinda mwanga kupita kiasi. Ya karibu yamekuja, ya mbali yamekwenda. Furaha hiyo haidumu, maana ndiyo mlango anaoingilia mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi.

(Simsemi yule anayeitwa kinyama, anayetambaa juu ya jicho kutoka pembeni. Yule unamwona kwenye kioo. Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya mboni, na mwanzoni huwezi kumwona.)

Kwa nini uzee? Kwa sababu lenzi haina mshipa wa damu hata mmoja na haitupi kitu. Ngozi hujibambua, nywele hung'oka zikaota nyingine, lakini nyuzi mpya za lenzi huzifunika za zamani, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Zile za katikati kabisa ulizaliwa nazo. Protini zake ziko hapo miaka yote hiyo, zimepangwa sawasawa ili mwanga upite. Kadiri zinavyochakaa ndivyo zinavyoshikana mabonge, na palipokuwa peupe panaingia ukungu. Kwa hiyo ukiniuliza nani atapata mtoto wa jicho, nitakwambia karibu sote, tukijaaliwa umri. Swali ni lini, na hapo ndipo Mombasa inapoingia.

Mwaka 1988, Hugh Taylor na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanaume 838 wanaofanya kazi majini huko Chesapeake Bay, Marekani. Waliopigwa zaidi na miale ya urujuanimno ya jua ndio waliozidi kupata ile aina ya mtoto wa jicho inayoanzia ukingoni na kuingia ndani kama spoku za baiskeli. Na kule wana majira ya baridi! Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mchanga mkavu wa pwani unarudisha kama asilimia 15 ya miale hiyo, povu la mawimbi asilimia 25.

Watu hudhani adui ni jua la adhuhuri. Kwa ngozi, ni kweli. Kwa jicho, jua la utosini huzuiwa na nyusi na mfupa wa paji la uso. Watafiti wa Japani walipima wakaona jicho hupigwa zaidi jua likiwa limeinama, kama nyuzi 40 hivi juu ya upeo wa macho. Kwa hapa kwetu hiyo ni kama saa tatu asubuhi na karibu saa kumi alasiri, mvuvi akirudi na ngalawa, dereva wa tuktuk akiwa katikati ya foleni. Na tumevaa nini kichwani? Kofia ya vito. Naipenda, ninazo tatu, lakini haina ukingo, haifuniki jicho hata kidogo. Ukienda baharini vaa pama au kofia ya ukili yenye ukingo mpana, na miwani iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia miale hiyo ya urujuanimno. Weusi wa kioo peke yake si kinga.

Moshi nao. Tafiti za India na Nepal zimewaona wanawake wanaopikia kuni ndani ya nyumba wakipata mtoto wa jicho zaidi. Kwa hiyo mama wa mahamri akija kwangu, namwuliza jiko liko wapi na dirisha liko wapi kabla sijamwuliza umri. Sigara, hali kadhalika.

Ugonjwa wa sukari huharakisha mambo kwa miaka mingi. Ila kinachoniudhi hasa ni matone ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho. Mtoto anawashwa macho, mzazi ananunua chupa dukani bila cheti, inatuliza, basi inatumika mwaka mzima. Nimemwona kijana wa miaka 19 mwenye lenzi ya mzee kwa njia hiyo. Steroidi hizo hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho, nayo ikishaua mshipa wa kuonea, hakuna upasuaji wa kuurudisha.

Mtoto wa jicho anapasuliwa: lenzi iliyochakaa inatolewa, inawekwa ya plastiki. Hakuna tone linalomyeyusha, wala hangojewi "aive" kama embe.

Nilimweleza mzee wangu haya yote. Akasikiliza, akaifungua miwani yake ya zamani, akaifunga tena.

"Sasa kusoma bado naweza?"

"Waweza, baba."

"Basi niache nimalize Ramadhani. Mfungo Mosi nitakuja."

Nikamwandikia tarehe. Binti akaichukua yeye ile karatasi.