Kilichoanguka kutoka kwenye lori: nani alipe?

Nyuma ya malori mengi huandikwa onyo: kaa mbali, hatuwajibiki kwa mawe yanayoanguka. Wengi huyasoma maneno hayo na kuyaamini. Kioo kinapasuka, mwenye gari anasikitika pembeni ya barabara, kisha anatengeneza kwa fedha zake kwa sababu "si waliandika?" Naanzia hapo kwa makusudi, maana watu wengi hupoteza haki yao hapo hapo, kabla hata hawajaidai.

Wajibu wa kufunga mzigo umewekwa na sheria, na hakuna anayeweza kujivua wajibu wa kisheria kwa kopo la rangi. Wewe uliyekuwa nyuma hukukubaliana lolote na mwenye lori. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani, katika kifungu cha 30, unataka mzigo upangwe na kufungwa ili usihatarishe watu, usiburuzike wala kuanguka barabarani. Sheria za nchi nyingi zinasema vivyo hivyo kwa maneno yao. Kuna jambo moja tu ambalo onyo lile linaweza kulisaidia, nalo ni hoja kwamba uliijua hatari na bado ukalikaribia mno. Hilo tutalifikia.

Kwanza tuelewe kwa nini sheria ni kali hivi. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa linakata mita 25 kila sekunde. Likigonga kipande cha chuma cha kilo mbili kilicholala barabarani, nguvu ya mgongano huo ni sawa na kukiachia chuma hicho kidondoke kutoka urefu wa mita 32 hivi, karibu ghorofa ya kumi. Kioo cha mbele hakikutengenezwa kwa pigo hilo. Nchini Marekani, utafiti wa Wakfu wa AAA, chama cha wenye magari, uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kuwa kati ya 2011 na 2014 vitu vilivyozagaa barabarani vilihusika katika ajali zaidi ya 200,000, majeruhi wapatao 39,000 na vifo zaidi ya 500. Takriban theluthi mbili ya ajali hizo zilitokana na vitu vilivyoanguka kutoka kwenye magari, iwe ni mzigo uliofungwa vibaya au sehemu za gari zisizotunzwa.

Sasa tuje kwenye swali linaloamua kesi nyingi, ambalo wadai wengi hawalifikirii mpaka wakili wa upande wa pili alitaje: je, jiwe lilitoka kwenye bodi ya lori, au lilikuwa limelala barabarani likarushwa na tairi? Kwa macho ya aliyepasukiwa kioo, yote ni jiwe. Kwa sheria ni mambo mawili tofauti kabisa. Jiwe la barabarani lililorushwa na tairi la dereva aliyekuwa akiendesha kwa utaratibu kwa kawaida halina mkosaji. Hakulileta yeye wala hangeweza kuliona. Huko bima yako kubwa ndiyo mkombozi, kama unayo. Jiwe lililotoka kwenye bodi lilikuwa mzigo wa mtu, na mtu huyo alipaswa kulifunika turubai, kufunga vizuri mlango wa nyuma, na kufagia kokoto zilizobaki juu ya kingo na kwenye bampa baada ya kupakia. Kokoto hizo za kwenye kingo nazitaja kwa sababu turubai halizishiki. Lori limefunikwa vizuri, kila mtu ameridhika, na bado kwenye tuta la kwanza zinamwagika.

Hapo mdai hujiuliza: nitathibitishaje uzembe wa watu waliopakia mahali nisipopajua? Jibu ni la zamani kuliko malori yenyewe. Mwaka 1863 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Byrne na Boadle. Byrne alikuwa akipita mtaani Liverpool, pipa la unga likamdondokea kutoka dirisha la ghala la Boadle. Hakujua limeangukaje, na jaji wa kwanza alimtoa mahakamani kwa kukosa ushahidi wa uzembe. Katika rufaa majaji walisema mapipa hayajiangushi: aliyekuwa nayo mikononi mwake ndiye ajieleze. Kanuni hiyo inaitwa kwa Kilatini res ipsa loquitur, yaani jambo lenyewe linasema. Hata leo, katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, mbao zikimwagika kutoka kwenye tela, mdai huanza kwa kuonyesha kwamba zilitoka kwenye tela hilo. Baada ya hapo maelezo yanatakiwa kwa mwenye tela. Anaweza kujitetea, lakini kimya hakimsaidii.

Nani hasa anashtakiwa? Dereva, bila shaka, na mwajiri wake, kwa sababu mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi aliyoyafanya akiwa kazini. Watu huishia hapo, lakini mara nyingi kuna wa tatu: waliopakia. Kanuni za Marekani zinamtaka dereva akague mzigo kabla ya kuondoka, aukague tena ndani ya maili 50 za mwanzo, yaani kilomita 80 hivi, kwa kuwa mzigo hujikalia kadiri lori linavyotikisika na mikanda ikalegea. Lakini kanuni hizo hizo zinamwachilia dereva aliyekabidhiwa kontena lenye lakiri na kuamriwa asilifungue. Mzigo wa humo ukihama na kuvunja mlango, kidole kinaelekea kwa aliyepanga na kufunga. Mdai mwenye busara huwaunganisha wote katika kesi moja na kuiacha mahakama igawe lawama.

Kipande cha tairi nacho kisikuchanganye. Mwenye lori atasema tairi lilipasuka tu, ni bahati mbaya. Hoja hiyo ilishapimwa mahakamani: Bwana Barkway alikuwa abiria wa basi lililopasuka tairi na kuacha barabara. Katika hukumu ya mwaka 1950, Baraza la Malords la Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa, liliiona kampuni ya basi imezembea kwa kutowataka madereva waripoti tairi zinapopata pigo kubwa. Kwa hiyo swali huwa ni utaratibu wa ukaguzi uliokuwepo. Ukikiona kipande kikubwa cha ukuta wa tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho za namba yake ya utengenezaji: mbili za mwanzo ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka.

Na wewe je? Mahakama itauliza uliacha nafasi gani. Dereva aliyebanana na lori hadi asione kinachoanguka anaweza kupunguziwa fidia kwa kadiri ya mchango wake, na katika sehemu chache anaweza kuikosa kabisa. Aliyekwepa gunia akagonga gari la pembeni hana sababu ya kukata tamaa. Maamuzi ya ghafla ya mtu aliyetiwa hatarini na mwingine hayapimwi kwa mizani ya mtu aliyetulia kitini.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya lori lisilojulikana. Uingereza ina chombo cha kampuni za bima kilichoanzishwa mwaka 1946 ambacho huwafidia walioumizwa na magari yasiyotambuliwa, na nchi nyingine zina mifuko ya namna hiyo. Baadhi ya majimbo ya Marekani hudai kuwe na mguso kati ya gari lile na lako, au uthibitisho mwingine usio kauli yako peke yako. Soma bima yako sasa uone inasemaje kuhusu hili.

Ndiyo maana nawasihi watu juu ya ushahidi. Usalama kwanza: usirudi katikati ya barabara kuu kuokota chochote. Ukishakuwa pembeni, itaje kwa sauti namba ya tela mbele ya simu inayorekodi, kwa sababu namba ya tela huweza kuwa tofauti na ya kichwa. Toa kadi ya kamera ya dashibodi siku hiyo hiyo; kamera hizo hufuta picha za zamani na kurekodi juu yake. Polisi wakishakusanya vitu, omba kipande cha mkanda uliofunga mzigo kihifadhiwe, usikubali kitupwe. Mkanda uliokatwa na ncha kali ya mzigo huwa na nyuzi zilizokatika sawasawa. Uliochakaa kwa miaka huwa na nyuzi zilizofifia rangi na kufumuka urefu tofauti, na mtaalamu akiuweka mezani utetezi wa bahati mbaya unakuwa mgumu kusimama. Kisha mwandikie mwenye lori mapema, kwa barua yenye tarehe, umtake atunze hati za upakiaji, kumbukumbu za ukaguzi na rekodi za mwendo wa lori la siku hiyo.